Mwali Chini ya Karabai

Mume wangu Barnaba aliamini kwamba jua limetaifishwa. Hakulisema hilo mbele ya watu, hakuwa mpumbavu kiasi hicho, lakini nyumbani alilisema kila siku tangu tulipohamishiwa Kijiji cha Umoja. Mabenki wamechukua, alisema, mashamba ya mkonge wamechukua, na sasa mtu akitaka kuotesha kitu chake kidogo juani, sharti kijiji kizima kije kukitazama. Kitu chake kidogo kilikuwa bangi.

Kule Chiungutwa tulikotoka alikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya mikorosho ya marehemu baba yake, mahali ambapo hata mbuzi walifika kwa kupotea tu. Alivuta kwa ajili ya mgongo, ndivyo alivyodai, na iliyobaki ilikwenda kwa madereva wa malori, ambao migongo yao nayo iliuma. Kisha serikali ikaja na lori, ikatupandisha uwandani, upande wa Newala, kwenye nyumba zilizopangwa mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi. Shamba likawa la wote. Ukiinama kung'oa gugu, majirani wote wanajua ni gugu gani. Mimi sikuona ubaya, nilipenda kuwa na watu karibu. Barnaba ndiye aliyekonda.

Sasa, Barnaba alikuwa fundi wa karabai. Ufundi huo aliupata ujanani kwenye karakana ya misheni ya Ndanda, na katika kuzibua taa, kubadilisha ngozi ya pampu na kufunga kile kisoksi kinachowaka, sijaona wa kumshinda. Taa zote za kijiji zilipita mikononi mwake: ya mwenyekiti, ya kanisa, ya zahanati, ya ofisi. Kila mwenye taa aliambiwa ailete ikiwa imejaa mafuta, kwa sababu taa tupu haijaribiki. Na kila aliyekuja kuiulizia aliambiwa bado inajaribiwa. Hapo hakusema uongo. Ilikuwa inajaribiwa katika chumba chetu cha ndani, kwenye bangi.

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Barnaba alijenga chanja za miti kwenye kuta, moja juu ya nyingine mpaka karibu na makuti, akapanga juu yake makopo na vyungu vilivyovunjika, kila kimoja na mche wake. Mwanzo alining'iniza taa juu kabisa, katikati ya paa, kwa sababu jua nalo liko juu. Miche ya chanja ya juu ikababuka. Ya chini ikarefuka na kupauka, ikainamisha vichwa kama waumini katika mahubiri marefu. Alikaa kitako siku nzima akiitazama, shamba la kijiji likimsubiri, na jioni akaniita kuniambia amegundua jambo. Karabai, alisema, ina tangi la mafuta chini yake, kwa hiyo mwanga wake unakwenda pembeni, hauendi chini. Chini ya taa ni giza tupu. Kosa lake lilikuwa kuiga mbingu.

Nilimwambia mbingu zimemsikia. Hakujali. Akaishusha taa kwa kamba mpaka ikawa usawa wa kifua, katikati ya chumba, chanja zikiizunguka kama watu waliozunguka moto. Akapasua madebe, akayanyoosha, akayagongomea pembeni ili yarudishe mwanga. Kila siku alikuwa akiisogeza: juu kidogo, chini kidogo, upande wa mlango, upande wa ukuta. Joto lilipozidi alipasua makuti ya paa upande wa kusini ili lipate pa kutokea. Tumezaa mtoto mmoja tu, na sikumbuki kama huyo alimhangaikia hivyo hata alipokuwa na surua.

Ningevumilia yote, lakini maji sikuweza. Anayeijua Newala anajua kwamba huku juu maji hakuna. Unashuka bondeni alfajiri, unapanda na ndoo kichwani mpaka magoti yanalia, na ukifika unayapima maji kwa kikombe. Siku moja nilirudi, nikaenda kupepeta mahindi, niliporejea nusu ya ndoo ilikuwa imekwisha. Nilimuuliza ameyafanyia nini. Akasema miti ilikuwa na kiu. Nilimwambia kuanzia leo akanywe pamoja na miti yake, na siku mbili nilipika ming'oko ya kuchoma, viazi vya porini visivyohitaji maji, nikamwangalia akikabwa.

Hayo yalikuwa ya mume na mke. Jambo lenyewe lilikuwa binti yetu Isabela.

Sisi ni Waanglikana wa tangu babu, na Kanisa letu huku kusini halikuzikataa mila, lilizibatiza. Msichana anawekwa ndani kama ilivyokuwa zamani, anafundwa na somo wake, na siku ya kutoka anapelekwa kwa padri kubarikiwa. Tunaita malango. Isabela alikuwa amefika miaka kumi na saba bila kuchezwa unyago, na haikuwa kosa lake. Mara ya kwanza tulihamishwa wiki ile ile aliyotakiwa kuingia ndani. Mara ya pili ndege za Mreno zilivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, ngoma zikakatazwa. Wenzake walishakuwa wanawake, yeye bado anaitwa mtoto. Hata bibi yake alipokufa aliachwa nyumbani na vitoto vya majirani, kwa sababu asiyechezwa haendi makaburini. Alimlilia bibi yake akiwa amekaa kwenye kinu. Mimi nilirudi kutoka kuzika nikamkuta hapo, na nikaapa kwamba mwaka huo, Mreno apende asipende, mwanangu atachezwa.

Mwaka huo ulikuwa wa sabini na mbili. Mavuno yalipokwisha, somo Regina alipita nyumba zenye wasichana akatangaza siku. Kila mwali angewekwa ndani kwa wazazi wake, katika chumba cha ndani. Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha ndani kimoja.

Siku yenyewe ilipofika Barnaba aliniomba nimwombe Regina aisogeze, kwa kuwa miti ilikuwa karibu kutoa maua. Nilimuuliza kama anataka niende kwa somo, mwanamke aliyewafunda nusu ya wake wa Masasi, nikamwambie bangi ina haraka kuliko binti yangu. Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote kwa Barnaba. Akasema mwali anatakiwa kukaa gizani, siyo? Basi na akae chini ya taa. Hapo pana giza kuliko kaburini.

Nilikuwa bado natafuta kitu cha kumtupia mume wangu, ndipo Regina akabisha hodi, akifuatana na wanawake na vigelegele, Isabela katikati amefunikwa kitenge. Shikamoo somo, marahaba mwanangu, na wakapita moja kwa moja mpaka chumbani. Vigelegele vikakatika. Regina alitazama chanja zile kutoka chini mpaka juu, akatazama karabai inayovuma katikati, akaniuliza hii ni nini. Nilisema ni mboga ya baba yake.

"Mboga hii naijua," alisema Regina. "Marehemu mume wangu alikuwa akiila kwa kiko."

Kisha, bibi yule mwenye miaka yake, alijishusha taratibu, akaketi mkekani chini kabisa ya taa, akafumbua macho, akafumba, akafumbua tena. Alikaa hapo kwa muda, wanawake wamesimama wakimsubiri. Aliposimama alisema giza lipo, mwali aletwe. Akatukumbusha wote kwamba kilichomo katika chumba cha mwali hakisemwi nje, kiwe kizuri kiwe kibaya, na anayekisema tumbo litamvimba. Barnaba kule nje akashukuru Mungu kwa sauti.

Alishukuru mapema. Katika hesabu zake zote za mwanga alisahau jambo ambalo hata mtoto analijua: chumba chenye mwali, mwanamume haingii. Awe padri, awe mwenyekiti, awe baba mzazi. Regina alipofunga mlango ule, alimfungia Barnaba nje ya shamba lake. Alibaki akizunguka nyumba kama kuku aliyepoteza vifaranga. Kila nilipotoka chumbani alinishika mkono kuniuliza taa iko usawa gani, majani ya juu yanasemaje, kama kopo la pembeni limegeuzwa. Nilimjibu ya mwali hayasemwi. Sijawahi kufurahia mila zetu kama wiki zile. Taa yenyewe sikuigusa, mafuta yaishe, ifie mbali. Lakini kila nilipoingia niliikuta inawaka, na ikiisha mafuta, nyingine imewekwa mahali pake, na Isabela ameketi mkekani, mikono mapajani, mpole. Sikumuuliza. Mwali hahojiwi ovyo, na nilikuwa na maji ya kuteka.

Mkesha wa siku ya kutoka tulikuwa uani tukitwanga, jua ndiyo kwanza linazama, tulipoona msafara unakuja. Mbele alikuwa Katibu wetu, Ndugu Ambakisye, kijana wa Tukuyu aliyeletwa na serikali kutufundisha maendeleo, amevaa suruali yenye mstari hata siku ya kuchimba choo. Nyuma yake mwenyekiti, Mzee Lukmani, mtu wa hapa hapa, na mgambo wawili wenye bunduki moja. Ambakisye alikuwa na adabu zake, alianza na shikamoo kwa Regina. Regina alimaliza kwanza kupepeta kilichokuwa kwenye ungo. Ndipo akaitikia marahaba.

Ambakisye akasema ana jambo zito. Amri ilishatoka kwamba giza likiingia, mwanga usionekane upande wa Ruvuma, kwa ajili ya ndege za adui. Na watu wa kijiji cha chini wametoa taarifa: jioni baada ya jioni, kwenye ukingo wa uwanda, kuna nuru inayotoka katika paa la nyumba moja, inapanda, inashuka, inasogea kushoto, inasogea kulia. Mtu anampa ishara Mreno. Na nyumba ni hii.

Barnaba alibadilika rangi. Bangi ni jela ya miezi, ujasusi ni kitanzi. Akamshika Katibu mkono akamwambia yeye si jasusi, anaotesha bangi tu ndani ya nyumba, anaangazia kwa karabai.

Ambakisye alimwangalia kwa huzuni. Akamwambia asimfanye mtoto. Nchi hii ina jua miezi kumi na miwili, bure, mpaka linachoma. Mtu gani mwenye akili timamu anaotesha bangi chumbani kwa taa ya mafuta? Barnaba alinigeukia nimshuhudie. Hilo ndilo swali nililokuwa nikimuuliza tangu mwanzo.

Katibu akaamuru mlango ufunguliwe. Lukmani akakohoa, akamnong'oneza kwamba mle ndani yumo mwali. Ambakisye akasema sheria haina mwali. Regina akainuka, akajifunga kitenge chake upya, akaenda kusimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Pita, mwanangu," alimwambia. "Ila anayeingia humu ni mwali. Ukiingia hutoki mpaka uchezwe, usiku huu huu, na kesho utatoka umefunikwa kitenge, tukupeleke kwa padri."

Wanawake hawakucheka. Hilo ndilo lililomtisha Ambakisye. Aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba wangemfunda kweli. Lakini alikuwa na mgambo nyuma yake na cheo chake mbele ya watu, akasema basi ataubomoa ukuta. Hapo niliweka mchi chini.

"Ndugu Katibu," nilisema, "mwaka juzi mlitupakia kwenye lori mwanangu akiwa tayari kuingia ndani. Mwaka jana mkakataza ngoma. Nilimzika mama yangu, na mjukuu wake akabaki na vitoto kwa sababu si mtu bado. Ukibomoa ukuta huu leo, yote yameharibika, na mimi nguvu ya kuanza tena sina. Mfunge mume wangu, mchukue hata sasa hivi, simtaki. Mwanangu mwache atoke."

Ambakisye aliangalia viatu vyake. Michi yote ilikuwa imewekwa chini, na sote tukaisikia karabai ikivuma nyuma ya ukuta: inavuma, inakwama kidogo, inapiga kama kikohozi, inavuma tena.

Mzee Lukmani akainua kichwa. Akasogea mpaka ukutani, akatega sikio.

"Hiyo taa ni yangu," alisema.

Barnaba alisema kwa unyonge kwamba bado inajaribiwa. Lukmani akasema ameijaribu tangu Kwaresima, na yeye mwenyekiti wa kijiji anakula gizani na wake zake, hajui ametia mdomoni kitoweo cha mke yupi. Kisha nikaiona fikra ikimpanda usoni taratibu. Kama kulikuwa na ishara kwa Mreno, basi ishara ile ilitolewa kwa taa ya mwenyekiti. Regina naye aliiona. Aliingia ndani akaanza kutoa taa, moja moja, akiziweka kwenye mchanga miguuni mwao: hii ya kanisa, hii ya zahanati, hii yenye namba nyekundu ya ofisi ya kijiji, ambayo Ndugu Katibu aliileta mwenyewe ikiwa imejaa mafuta ya serikali. Ya Lukmani ilitoka mwisho, bado ya moto.

Ambakisye aliitazama ile namba nyekundu. Halafu akatangaza kwamba serikali imeridhika na jambo hili, fundi amepewa onyo kwa kujaribu taa bila utaratibu, na paa lizibwe kesho asubuhi. Kila mtu akabeba taa yake. Walivyoondoka, wakiwa wamebeba karabai zisizowaka katika lile giza lililoamriwa, walijikwaa kwenye kinu changu mmoja baada ya mwingine.

Jioni ile ile Regina na wenzake walisafisha chumba cha mwali kama desturi inavyotaka. Alitoka na furushi kubwa kichwani, limefungwa kwa kitenge, linanukia. Barnaba alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea nyuma ya nyumba za mstari wa pili. Alilia, na sitasema uongo, nilimwonea huruma kidogo. Regina alisema tu kwamba hata yeye ana mgongo.

Asubuhi wasichana wanne walitolewa. Ukungu wa Newala ulikuwa umeondoka mapema, jua limewaka vizuri, padri amesimama mbele ya kanisa na kanzu yake nyeupe, na nusu ya kijiji ilikuwa pale. Hapa kwetu kuna jambo ambalo kila mwanamke analitazama siku hiyo, hata kama analifanyia siri. Vitenge vinapofunuliwa, mwali aliyewekwa ndani sawasawa hawezi kuvumilia mwanga. Anafumba macho, anajificha kwa mkono, machozi yanamtoka. Hapo wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika, wanasema huyu kweli alikaa.

Wa kwanza akafunuliwa, akajiziba uso kwa viganja. Wa pili akayumba mpaka akashikwa. Wa tatu machozi yalimchuruzika. Kisha Regina akafunua kitenge cha mwanangu, na Isabela akainua uso akautazama umati wote, macho makavu, wazi, bila kupepesa. Alimtazama padri. Alimtazama Mzee Lukmani. Alimtazama Ambakisye, na Ambakisye ndiye aliyeinamisha kichwa.

Nikasikia minong'ono nyuma yangu. Huyu hakuwekwa. Huyu alikuwa akitembea. Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile niliyosubiri, na sasa wanawake wanne nyuma yangu wanasema mwanangu ametoka kama alivyoingia. Padri, ambaye hakuwa mtu wa kuona mbali, alimbariki sawa na wengine, na Regina akapiga kigelegele kikali sana, akawageukia wanong'onaji mpaka nao wakaitikia. Yakapita. Lakini niliyasikia.

Wageni walipotawanyika nilimkamata Isabela uani, bado ana unga kichwani na shanga mpya shingoni. Nilimuuliza kwa nini alishindwa hata kujifanya. Kufumba macho kidogo tu, kwa ajili yangu. Tulimweka pale chini ya taa, gizani, somo mwenyewe alipapima, sasa macho yale aliyatoa wapi?

"Mama, pale chini palikuwa na giza sana," alisema. "Nilisogea siku ile ile ya kwanza. Taa nilikuwa naisogeza mwenyewe."

Alisema hivyo kwa utulivu, akinitazama usoni. Mkono wangu ulishainuka kumzaba kofi. Lakini mwanamke aliyechezwa hapigwi na mama yake, na ni mimi niliyesimama mbele ya bunduki ili achezwe. Nikaushusha. Nikamwambia akae, nikampakulia, akala pamoja nasi watu wazima.